Eda Bila Niya

Mwanamke aliyekuwa akae eda katika filamu ya mjukuu wangu Rahma alijitoa asubuhi ile ile ya kuanza kupiga picha. Hakuja mwenyewe. Alimtuma bintiye na kikapu cha machungwa na maneno ya kuomba radhi, kwamba mumewe amemkataza. Filamu ni filamu, alisema, lakini mwanamke mwenye mume hai hajivishi nguo nyeupe ya merikani akakaa chini kama kizuka wa edani, watu wakaja kumpa pole. Huko ni kumchuria mume. Kuchuria, kwetu hapa Msuka, ni kuliita baya kwa kulifanyia mazoezi. Mtoto akilala chali akajifunika gubigubi mpaka kichwani, mama yake humvuta ile shuka akamwambia usituchurie.

Rahma nimemlea mimi tangu ana miaka mitano, mama yake alipofariki. Alikwenda Unguja kusoma mambo ya filamu, na kamera ile aliazimwa kwa siku nne tu. Alikaa kwenye kizingiti akimenya chungwa moja bila kulila, analimenya mpaka ngozi nyeupe yote ikatoka. Laiti angelia ningembembeleza yakaisha. Hakulia. Nikasema, nitakaa mimi.

Nilikwenda kumuomba ruhusa mume wangu, Haroub. Wakati huo tulikuwa tuna miaka hamsini na moja katika ndoa. Nilimkuta uani anachambua karafuu, na hakuacha kuchambua aliponisikiliza. Nilipomaliza akasema:

"Eda ni niya, Ummu. Weye ukikaa bila niya, hapo pana mtu na nguo tu."

Akachambua tena kidogo, kisha akaniuliza kama siku hizo nne yeye atakaa wapi, maana marehemu hazuruli uani. Tukacheka sote wawili. Na kweli siku zile nne alikuwa hashindi nyumbani. Alikwenda shamba asubuhi, na adhuhuri akirudi kuchukua chakula chake huniwekea dafu lililokatwa mdomo pale mlangoni, akakohoa ili nijue, akaenda zake. Hakuchungulia hata mara moja. Vijana wa Rahma walimwita marehemu mwenye adabu.

Filamu yenyewe haikuwa na mambo mengi. Ni mjane aliye chumbani katika eda yake, miezi minne na siku kumi, na dunia yote anaisikia kupitia dirishani: harusi ya jirani, mbuzi, watoto wa chuoni wakisoma Kurani, ugomvi wa wanawake kisimani. Yeye mwenyewe haonekani kufanya kitu. Siku ya tatu Rahma alinikalisha mkekani, akaniweka nguo vizuri begani, akaniambia, "Bibi, usifanye kitu. Kaa tu, ufikiri."

Nikafikiri. Nilifikiri alfajiri. Haroub akiamka hukohoa mara tatu, husema Alhamdulillahi, kisha hunigusa mguu kwa mguu wake ili na mimi niamke. Nikafikiri alfajiri ambayo hakuna mguu. Nikakiona kitanda, upande wake umetandikwa haujalaliwa. Machozi yakanitoka, na sikuyapangusa kwa sababu niliambiwa nisifanye kitu. Rahma hakuizima kamera mpaka ukapita muda mrefu. Alipoizima alikuja akanikumbatia, na moyo wake nilikuwa nausikia unakwenda mbio kwa furaha.

Jioni ile Haroub aliporudi aliniuliza kazi imekwendaje. Nikasema imekwenda. Nilitaka kumwambia kwamba nimelia, na kwamba nimemlilia yeye. Lakini alikuwa amekwisha sema hakuna niya, tena alikwisha kwenda kuwaambia hivyo wazee msikitini, na mimi sikujua kama kule kufikiri kwangu kunaitwa niya au kunaitwa mapenzi. Nikasema nitamwambia siku nyingine, mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikishapata maneno yaliyo sawasawa. Nilichokitaka ni hicho kimoja tu, asije akakisikia kwa mtu, akakisikia vibaya.

Filamu ikaenda kwenye tamasha Unguja, ikapata zawadi. Rahma alinipigia simu, akawa hasemi, analia na kucheka. Kuna watu kazi yao ni kutazama filamu na kuandika ipi nzuri na ipi mbaya, wanaitwa wahakiki. Hao, alinambia, wote wameisifu, na wamekusifu wewe, Bibi. Mmoja wao, Bwana Hafiz, aliandika kwamba zile dakika saba za mjane mkekani ni kitu ambacho hajapata kukiona katika filamu zetu. Nilifurahi kwa ajili ya Rahma. Nilimuombea dua.

Kisha watu wakazikata zile dakika saba, wakazisambaza katika simu.

Siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, gari mbili zilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Mwatima, dadake Haroub, kutoka Kojani, na nyuma yake wanawake tisa na wanaume kama sita, na polo la mchele. Walikuwa wamevuka maji alfajiri, wakakodi magari, wakaja mwendo wote ule wa kutoka mashariki mpaka ncha ya kaskazini. Mwatima alikuwa na sauti nzuri ya kulia, na alianza kulia hapo hapo barabarani. Haroub akatokeza upande wa uani, mswaki mdomoni. Akawatazama watu, akatazama mchele.

"Nani kafa?" akauliza.

Mwatima alifika akamshika mikono, akamshika uso, akakaa chini palepale mchangani na buibui lake jipya. Walikuwa wameniona kwenye simu, niko ndani ya merikani, nalia. Hakuna aliyewaambia kama ni filamu. Na kwa nini wafikiri ni filamu? Wananijua mimi ni nani, na mume wangu ni nani.

Haroub alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wanaume wa Kojani nao wakaanza kucheka kidogo kidogo. Mwatima hakucheka.

"Nshakusomea khitma, kaka," alisema.

"Basi itaningoja," Haroub akamjibu.

Nikawapikia mchele wao wenyewe, na Haroub akachinja kuku wawili. Mwatima alikula. Alipokuwa akinawa mikono aliniuliza, sauti ya chini, kama nilikuwa na niya. Haroub akamsikia, akamjibu yeye kabla yangu, kwamba hapakuwa na niya yoyote, ni kazi ya mjukuu. Mwatima akasema, kama hapakuwa na niya, basi. Akanibusu mkono. Wakati wa kuondoka aliniachia kitambaa chake cha kichwa, kipya, kwa sababu aliona changu kimechakaa. Hapo ningeweza kusema, wote wapo, na kicheko bado kipo. Nilinyamaza, na tangu siku hiyo mimi nikawa mwenye kuficha.

Haroub ndiye aliyesema filamu ije ionyeshwe hapa hapa, watu waione yote, wajue ni mchezo. Mwalimu Nassor wa skuli akatuazima darasa lake Ijumaa baada ya alasiri. Madirisha na mlango waliviziba kwa mikeka, na picha ikapigwa kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Wanaume upande huu, wanawake upande huu, watoto chini mbele. Rahma alivaa vizuri. Alikuwa na hofu tangu asubuhi kuliko aliyokuwa nayo Unguja, aliniambia, kwa sababu wale wa Unguja si watu wake.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Watu walimtambua mbuzi, wakamtaja mwenye mbuzi. Waliitambua sauti ya mwalimu wa chuoni, watoto wakacheka. Kisha nikatokea mimi mkekani. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilisikia mtu anajikuna. Nilisikia mwanamke mmoja anasema taratibu, "Astaghfirullahi." Watu wawili watatu walinyanyuka wakatoka, na kila aliyetoka mkeka ulifunuka, mwanga ukaniingia usoni pale ukutani, nikafutika, kisha nikarudi, bado nimekaa.

Ilipokwisha Rahma alisimama akawauliza wameionaje. Mzee Mmanga, mvuvi, mtu asiye na ubaya na mtu, akasema yeye amengoja.

"Nilisema sasa atainuka," alisema. "Nikasema labda sasa. Hakuinuka, filamu ikesha."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akauliza mbona hamna hata jirani mbaya. Mwingine akasema akitaka kumuona bibi amekaa anakwenda kwao, hahitaji umeme. Hawakuwa na chuki. Ni watu waliotoka kazini wakaacha shughuli zao, wakataka kuoneshwa kitu. Lakini nilimuona Rahma anakunjika kama karatasi. Akawaambia, na ilikuwa kosa kusema, kwamba mjini watu walisimama wakapiga makofi.

Kutoka upande wetu, wa wanawake, sauti moja ikajibu, "Mjini hawamjui mumewe."

Na sauti nyingine ikasema, "Lakini yule alia kweli yule. Tazameni. Hilo si chozi la mchezo."

Haroub akainuka. Alikuwa na kanzu yake ya Ijumaa. Akasema marehemu mwenyewe ndiye yeye, basi waulize kwake. Akasema mkewe aliomba ruhusa naye akampa. Akasema amali ni kwa niya, hata mtoto wa chuoni analijua hilo, na mkewe hakuwa na niya ya eda, alikuwa na niya ya kumsaidia mjukuu wake asipate aibu. "Na chozi," akasema, "mwanamke analimwaga hata kwa kitunguu." Wakacheka tena, kicheko cha kufungua moyo sasa. Shehe wa msikiti akasema kama niya haipo, neno halipo. Watu wakatoka, wengine wakanipa mkono. Mzee Mmanga alimwambia Rahma ajaribu tena mwaka ujao, atie japo pweza.

Mume wangu alisimama mbele ya kijiji kizima akawa ngao yangu, na ile ngao ilikuwa ya uongo, na yeye hajui. Usiku ule nilimwambia, "Haroub, kuna jambo." Akasema amechoka, jambo litangoja kupambazuke. Kulipopambazuka aliwahi shamba. Nami nikafurahi kwamba amewahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Hafiz alikuja mwezi uliofuata. Rahma alikuwa amemsimulia yaliyotokea darasani, na yeye akaona ni habari ya kuandika, jinsi wahakiki walivyoona hivi na watu wa kijijini walivyoona vile. Nilimtarajia mtu wa majivuno. Alikuwa kijana mpole, mwembamba, aliyevua viatu vyake barazani akavipanga pamoja na vyetu. Aliniletea halua. Aliniuliza hali mpaka akamaliza watu wote wa nyumba. Haroub alikuwa shamba. Alinisomea yale aliyoyaandika Unguja, na alipoona chai yangu imepoa alinyamaza ili ninywe. Watu wengi hawalioni jambo kama hilo.

Kisha akaniuliza. "Bibi, pale mkekani, ulikuwa unafikiri nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amepata kuniuliza. Rahma hakuuliza, aliogopa kuliharibu. Mwatima aliuliza niya, akajibiwa na mwingine. Neno lilikuwa limenikaa kooni miezi, na huyu mtoto wa watu ameniuliza kwa upole, anatazama sakafu. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya alfajiri na habari ya mguu. Nilimwambia nilimuona mume wangu hayupo. Alipangusa macho yake. Akasema asante, Bibi, na akanishika mikono yangu miwili. Sikumwambia asiandike. Sikujua kama kitu kama kile huandikwa.

Gazeti lilifika dukani kwa Bi Zohrabai. Duka sasa analiendesha bintiye, Sakina, na Sakina ndiye anayewasomea wazee barua na makaratasi, kwa sababu wengi wao, kama Haroub, walisoma herufi za Kiarabu tu. Haroub aliingia kununua sabuni. Sakina alifurahi kumuonesha picha yangu. Haroub naye alifurahi, akakaa juu ya gunia la sukari, akamwambia amsomee.

Sakina alikuja kunisimulia yote jioni ile, nyuma ya nyumba. Alisoma sehemu ya kwanza, ya kwamba watu wa Msuka hawakuifahamu filamu. Haroub alitikisa kichwa, akasema sawa, hatukuifahamu. Kisha Sakina akaona mstari unaokuja, akauruka. Haroub akamwambia, "Sauti yako imeruka, mwanangu. Rudi." Akarudi. Mstari wenyewe ninao hapa, kwa sababu Sakina alilikata lile gazeti ili lisionekane dukani, nami nikamuomba kile kipande. Unasema hivi: *Wanakijiji walijipa faraja kwa kusema hapakuwa na nia. Wamekosea. Bi Ummkulthum hakuigiza. Siku ile alikaa eda ya kweli: mumewe alikuwa hai, naye alikwisha mzika moyoni. Ndiyo maana machozi yale ni sanaa.*

Haroub aliuliza, "Kasema mwenyewe?" Sakina akasema imeandikwa kwamba amesema mwenyewe. Haroub akanyanyuka, akachukua sabuni yake, akamwambia ahsante.

Sakina alikuwa akilia kuliko mimi. Alisema laiti angesema uongo, akasoma mstari mwingine wowote. Nilimwambia kwamba alijaribu kuruka, na kwamba sitalisahau hilo.

Lile neno likafika Msuka yote kabla ya magharibi. Hawakuhitaji kusoma. Walikuwa wamesema chozi lile ni la kweli, wakaambiwa na mume kwamba si la kweli, wakakubali kwa heshima yake. Sasa msomi wa mjini, aliye upande wangu, anayenisifu, ndiye aliyewaambia kwamba wao ndio waliokuwa wameona sawa. Walichokiita uchuro na alichokiita sanaa kilikuwa kitu kimoja. Rahma alimpigia Bwana Hafiz akamlaumu. Alimjibu kwa huruma kwamba ameandika alichoambiwa, na kwamba ni sifa kubwa kuliko zote alizopata kumpa mtu yeyote. Naamini alikuwa anasema kweli.

Haroub hakunigombeza. Ningependa mtu asomaye alijue hilo. Alikuja nyumbani, akaniwekea sabuni mahali pake, akala, akasema chakula kizuri. Lakini aliniita Bi Ummkulthum. Miaka hamsini na moja aliniita Ummu. Baada ya wiki alihamishia mkeka wake chumba cha nje, akasema joto. Ulikuwa mwezi wa Julai, na kipupwe kilikuwa kikali hata mimi najifunika mablangeti mawili.

Akaanza kuwatembelea watu. Alikwenda kwa Mzee Mmanga kuomba radhi kwa ugomvi wa zamani ambao Mmanga mwenyewe hakuukumbuka. Alikwenda Kojani siku mbili kwa Mwatima. Panga lake zuri alimpa mtoto wa jirani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa gari limekwisha fika, akaona haya kuwangojesha waliomo.

Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza uani, nikasema, Haroub, lile gazeti, akaniuliza kama kuku wameingia. Mara ya pili nilimfuata shamba, na alinitafutia mahali pa kukaa, akanitandikia majani ya mgomba nisichafuke, kisha akaenda kuchuma upande wa pili wa shamba mpaka nikachoka kungoja. Mara ya tatu nilimtuma Rahma. Rahma alisafiri kutoka Unguja kwa ajili hiyo. Alikaa naye barazani saa nzima, akamwambia ataifuta filamu yote, abakie bila kitu. Babu yake akamwambia asiifute. Alimwambia ni kazi nzuri, watu wenye elimu wameisifu, na yeye ni mkulima. Alimpapasa kichwa. Rahma alirudi ndani akaniambia, Bibi, Babu amekuwa mpole mno, sijui nimshike wapi.

Mwezi wa Septemba alianguka shambani. Walimpeleka hospitali Wete, nami nikafuata kwa gari la Bi Zohrabai, ambaye hakusubiri kuombwa. Daktari alisema moyo. Kitandani alionekana mdogo. Mwatima alikuwa njiani. Tulikuwa wawili tu, na mgonjwa mmoja aliyelala kitanda cha jirani, aliyegeuka upande wa ukuta alipoona nataka kusema. Namshukuru mtu yule.

Maneno yangu sasa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga miezi mitatu. Nikamshika mkono, nikamwambia nataka kumueleza nilichokifikiri siku ile mkekani, kwamba hakikuwa alivyosikia.

Alifumbua macho. Alinitazama bila hasira.

"Nshasomewa," alisema.

Akafumba. Hakusema jingine kwangu. Kwa Mwatima, alipofika, alisema amuombee. Alifariki alasiri ya siku ya pili.

Sasa nimo edani. Leo ni siku ya ishirini na moja. Nimevaa merikani, nimekaa chini, na watu wanakuja kunipa pole.

Kila mwanamke anayeingia hunitazama uso kwanza, kisha ndipo husema pole. Najua wanatafuta nini. Wengi wao walikuwa darasani, na wasiokuwako wameona kwenye simu. Wanajua uso wangu wa msiba unavyokuwa. Siku ya tatu nilimsikia mmoja karibu na mlango anamwambia mwenziwe kwamba kwenye filamu nililia vizuri zaidi. Mwenziwe akamjibu, "Kashamlilia huyu. La pili litoke wapi?" Hawakusema kwa kunidhihaki. Walisema kama watu wanaosema kisima kimekauka.

Na kweli sijalia. Nilifikiri itakuja alfajiri. Alfajiri inafika, na mimi naamka, nafikiri kuku, nafikiri kwamba mchele umebakia kidogo, mguu wangu wa kushoto unaniuma kwa kukaa. Haifanani hata kidogo. Ile niliyoifanya siku ya tatu ya kamera, iliyowaliza wenye elimu, ilikuwa ni mwanamke anayejua kwamba mumewe yuko shamba na adhuhuri atakuja na dafu. Huyu wa sasa hana cha kumwonesha mtu. Sijui kama nilimchuria. Wengine wanasema nilimchuria kwa eda, Mwatima anasema kwa niya, na Rahma anasema ni moyo, Bibi, daktari kasema moyo. Nami nasema moyo, lakini ni nani aliyeuumiza kwanza?

Bi Zohrabai huja kila baada ya adhuhuri na uji usiotiwa kitu. Kizuka hasogezewi manukato, na yeye ni mwanamke wa kujifukiza udi tangu ujana wake, lakini akija kwangu hanuki udi wala attari. Nguo zake zinanuka sabuni ya kufulia. Anaoga na kubadili kwanza, mzee wa miaka themanini, ndipo anakuja. Hajalisema hilo. Anakaa, hanitazami uso, anatazama uji.

Rahma amechukua likizo, yuko na mimi. Jana Bwana Hafiz alimletea ujumbe wa rambirambi, mrefu, wa adabu, na mwisho wake akasema kwamba filamu sasa ina uzito mwingine, na kwamba kuna tamasha nje linaitaka. Rahma alinisomea mpaka hapo, akaiweka simu chini. Nikamwambia amjibu ahsante, amekumbuka wafiwa.

Leo asubuhi Mwatima aliingia, akakaa mbele yangu, akanitazama. Wanawake waliokuwamo nao wakanitazama. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Wangeliona chozi moja wangenisamehe wote, nililijua hilo, na nililitafuta. Nilimuita Haroub moyoni kwa jina lake. Niliitafuta ile alfajiri ya mkekani, nikaipata, lakini imekwisha kuwa ya watu, nimeiona ukutani kwa chokaa, na mimi ndani yake.

Nikamwambia Rahma atundike pazia baina yangu na wageni. Akatundika shuka la kitanda, kamba moja, misumari miwili, na Mwatima aliinuka akamshikia upande mmoja. Kisha Rahma akaja akakaa huku kwangu, nyuma ya shuka, mahali ambapo hakuna wa kutuona.

Hata huko sikulia. Rahma alinishika mkono, na upande wa pili nilisikia wanawake wanaacha kuzungumza, mmoja mmoja, mpaka chumba kikawa kimya kabisa, wanasikiliza.